Binti Aliyesomea Kukata Sauti

Wapendwa, kabla hatujafungua somo letu, nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na binti mmoja, tumwite Atuganile, aliyekwenda chuo kusomea sauti. Naona wengine mnatazamana. Sauti nayo inasomewa? Inasomewa. Wanafundishwa kurekodi, kuondoa makelele, kukata pasipotakiwa na kuunganisha mpaka msikilizaji asijue kwamba palikatwa. Mama yake alimuuliza kama ambavyo wewe ungemuuliza wako: "Ukimaliza hiyo sauti yako, nani atakuajiri?"

"Redio zipo, mama. Filamu zipo, muziki upo. Hata spika za kanisani kwetu zinapiga mluzi kwa kukosa mtu."

Mama akacheka, akamwacha asome.

Mwaka wa mwisho akapelekwa kwenye redio moja ya mkoani kwa mafunzo ya vitendo. Aliwafahamu wengi waliomaliza kabla yake na bado wamekaa nyumbani, kwa hiyo aliwahi kufika na alichelewa kuondoka. Mtayarishaji wa vipindi akamwona. "Kuna nafasi inakuja hapa," akamwambia. "Nikiona unaijua kazi, ni yako."

Redio ile ilikuwa na kipindi cha ndugu waliogombana kwa ajili ya mashamba. Siku moja akaja mzee mmoja ambaye hakuwa akisemezana na mdogo wake kwa miaka mingi. Aliongea taratibu, akinyamaza katikati, na Atuganile ndiye aliyekuwa anarekodi. Mzee alisema hivi: "Mdogo wangu ni mwizi, aliuza shamba la baba. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Nilikosea. Sasa nimejua hakuuza yeye, na ninataka kila aliyenisikia siku zile anisikie na leo."

Kipindi kikazidi muda. Mtayarishaji akasema, "Punguza. Bakiza pale penye moto."

Atuganile alielewa. Alikaa mbele ya kompyuta akiifikiria ile nafasi, akimfikiria mama yake. Kisha akakata. Na alikata vizuri, kama alivyofundishwa. Jioni watu wakasikia, "Mdogo wangu ni mwizi, aliuza shamba la baba," halafu muziki.

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

Kesho yake yule mzee akarudi redioni. Hakugomba na mtu. Alimwuliza tu yule binti, "Mwanangu, yale mengine niliyosema yalikwenda wapi?"

Atuganile akainuka kitini. Akaenda kwa mtayarishaji, akamwomba mazungumzo yarushwe tena, yote. Mtayarishaji akamjibu kwa upole kabisa: "Tukirudia, tutaonekana waongo. Ukiendelea na hilo, ile nafasi isahau."

Akatoka pale, akaelekea nyumbani kwa mdogo wa yule mzee, rekodi ikiwa kwenye simu yake. Alimkuta amekaa barazani.

"Shikamoo, baba. Nimetoka redioni."

"Marahaba. Niliwasikia jana. Inatosha."

"Hukusikia yote, baba. Mimi ndiye niliyekata."

Akaiwasha. Yule baba akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Atuganile machozi yakamtoka. "Nisamehe, baba. Nimewagombanisha upya."

Yule baba akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kaka alikuja hapa hapa kabla hajaenda redioni. Akaanza kusema, 'Niliwaambia watu wewe ni mwizi...' Nilipolisikia hilo neno nikamfungia mlango. Sikumngoja amalize. Kama ningemngoja, angekwenda redioni kutafuta nini?"

Akasimama, akaingia ndani kuvaa viatu, akamwomba binti amsindikize kwa kaka yake.

Nafasi ile alipewa mwingine. Atuganile alimaliza chuo, akakaa nyumbani kwa muda kama wenzake, na baadaye akapata kazi ya kurekodi vitabu kwa ajili ya watu wasioona. Huko hakati neno la mtu.

Sasa, wapendwa, tumemlaumu binti, tumemlaumu na mtayarishaji. Ni sawa, walikosa. Lakini yule wa kwanza kukata, yule aliyemfungia kaka yake mlango, hakusomea chuoni. Sisi tulisomea wapi? Mke anaanza kueleza, mume ameshatoka. Mtoto anasema, "Baba, nimefeli, lakini..." na hiyo "lakini" hatuisikii kamwe. Jirani alisema mambo kumi, tukabeba moja lenye moto tukalipeleka mpaka hapa kanisani. Halafu tunashangaa mbona upatanisho hauji.

Pengine upatanisho huo ulishakuja ukabisha hodi, tukaufungia mlango. Leo ukienda nyumbani, usianze na maneno yako. Mtafute yule uliyemfungia mlango, umwambie hivi tu: "Siku ile hukumaliza. Nakusikiliza."