Kwa Nini Mashoto Ni Wachache

Kaeni vizuri mnisikilize, maana jambo hili husimuliwa vibaya, nami nimechoka kulisikia likisimuliwa vibaya.

Kulikuwa na wakati ambapo mkono wa mtu haukujua kazi. Vidole vilikuwa vitano kama hivi vyetu, kiwiko kilikuwepo, na misuli ilijaa tangu begani hadi kiganjani. Lakini misuli hiyo haikusikilizana. Mtu akitaka kuokota punje ya mtama, yote ilivuta kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma, mkono ukakakamaa kama mchi, kisha ukaruka upande wowote uliopenda. Watu walisukuma, walipiga, walikumbatia mizigo kifuani. Hakuna aliyejua kufunga fundo. Wala hakukuwa na mkono wa kulia na wa kushoto kama tunavyosema leo, kwa sababu yote miwili ilikuwa butu sawasawa.

Wakati huo, katika milima ya Upare, aliishi mjane mmoja mfinyanzi aliyeitwa Namkunda. Vyungu vyake alivitwanga kwa ngumi mpaka vikapata shimo katikati, vizito, vinene, vya kupasua kichwa cha mbebaji. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita, jina lake Nakijwa.

Nakijwa akakanyaga mwiba wa mgunga. Siku ya kwanza alichechemea. Siku ya tatu unyayo ulikuwa umejaa usaha, na mtoki umemvimba kinenani hata hawezi kunyoosha mguu. Kichwa cha mwiba kilionekana wazi pale kisiginoni, kimechomoza kidogo. Kila aliyepita alikiona, na kila aliyejaribu kukishika alikigonga kikazidi kuzama.

Jirani yake, mama mmoja aitwaye Nanzia, alikuja kumfariji. "Tulia, mwenzangu," akamwambia. "Mwiba ukishaingia umeingia. Kaka yangu alikwenda hivyo hivyo."

Namkunda alikasirika. Alimtazama Nanzia, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nina vidole kumi," akasema. "Wewe unavyo kumi. Kijiji kizima kila mtu ana kumi. Halafu mtoto wangu afe kwa kitu kidogo kama ukucha, na mimi nitulie?"

Akamwomba Nanzia aende nyumbani.

Mkono wake wa upande huu wa kulia ulikuwa umeungua juzi yake alipokuwa akichoma vyungu, na kuugusa tu kulimtoa machozi. Akabaki na ule mwingine. Akaketi karibu na mtoto, akaulaza mkono juu ya paja, akaanza kuukunja polepole kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote. Alisikia msuli wa mbele ukivuta na wa nyuma ukivuta, kama watu wawili wanaogombea ngozi moja. Akaugandamiza ule wa nyuma kwenye goti lake, akauambia, "Wewe legea kwanza. Zamu yako inakuja." Ulipolegea, mkono ukakunjika bila kuruka. Alipotaka kuunyoosha akaugeukia wa mbele, akauambia vivyo hivyo. Siku nzima hakula. Kutoka kiwiko akashuka kwenye kigasha, ambako misuli ni mingi na myembamba, kisha kwenye vidole, akikifundisha kila kimoja kuvuta na mwenzake kuachia, mpaka kidole gumba kikakutana na cha shahada, vikatulia pale bila kutetemeka.

Asubuhi ya pili akaushika mwiba, akauchomoa. Usaha ukatoka, na kufikia jioni Nakijwa aliomba uji.

Habari ikaenea, na watu wakaja uani kwake kujifunza. Namkunda hakumfukuza hata mmoja, wala hakudai kitu. Aliwaketisha mbele yake, wakimtazama uso kwa uso, akainua mkono wake wa kushoto, nao wakainua ule uliokuwa upande mmoja na wake, yaani wa kulia wao. Yeye hakuona haja ya kuwasahihisha. Mkono ni mkono. Nakijwa pekee alijifunza akiwa mapajani mwa mama, mgongo ukiegemea kifua chake, kwa hiyo akatumia kushoto kama yeye. Na wachache waliochelewa wakakosa nafasi mbele walisimama nyuma ya Namkunda wakichungulia begani kwake. Nao wakawa mashoto.

Miaka ikapita. Watu wakafinyanga mitungi yenye shingo nyembamba, wakasuka vikapu, wakatoana miiba. Na walipozoea wakasahau, kwa wepesi wa kuudhi, kwamba kuna mtu aliyewafundisha.

Katika sherehe ya mavuno, Namkunda alimpelekea mtawala wao, Mfumwa Senkondo, kata ya pombe ya miwa. Mfumwa hakuipokea.

"Mbona unanipa kwa mkono uliokosea?" akauliza, akiinua wake wa kulia. "Watu wote hapa wanatumia huu."

Washauri wakatazamana, wakatazama mikono yao, wakakubaliana. Walio wengi hutumia kulia, basi kulia ndiko sawa, na anayetumia kushoto anamdharau Mfumwa. Hapo hapo ikaamriwa kwamba mashoto wote wafungwe mkono huo kiunoni mpaka wajirekebishe. Namkunda awe wa kwanza, na binti yake wa pili.

"Mfumwa, naomba nikuonyeshe jambo," Namkunda alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akamwita mshauri mmoja akae mbele yake, akainua mkono wa kushoto, akamwambia amfuatishe. Mshauri akainua wa kulia. Akamwambia ahamie ubavuni pake, watazame upande mmoja, amfuatishe tena. Mshauri akainua wa kushoto.

Kila mtu pale aliona. Hata Mfumwa aliona, maana alishusha macho.

"Mkono wangu haukukosea," Namkunda akasema. "Ninyi mliketi mbele yangu. Ni hilo tu."

"Amri imeshatoka," Mfumwa akajibu. "Nikiirudisha nitaonekana mtu wa namna gani?"

Wakaleta kamba ya mgomba. Vijana wawili wakamshika, na mmoja akaifunga kamba kwa kidole gumba na cha shahada, msuli mmoja ukivuta na mwenzake ukiachia, fundo safi lisilofunguka. Namkunda alimtazama akilifunga. Alimkumbuka kijana huyo. Alikaa naye siku nne uani, kwa sababu kidole gumba chake kilikuwa kigumu kuelewa.

Nakijwa alipofungwa naye, Namkunda hakulia. Alisema maneno machache, na wote waliyasikia. "Nilichowapa sikichukui. Lakini watoto wenu hamtawachagulia pa kukaa, mbele yangu au nyuma yangu. Watazaliwa wa upande wangu katika nyumba zenu, na katika nyumba yako, Mfumwa, na hakuna atakayejua mapema ni yupi."

Mwaka wa pili haukuisha. Mjukuu wa Mfumwa, mtoto wa kwanza wa mwanawe mkubwa, alipoanza kula mwenyewe aliingiza mkono wa kushoto kwenye bakuli. Wakamgeuza, akarudia. Wakamfunga, akakaa na njaa, akamtazama babu yake. Siku ya tatu Mfumwa mwenyewe akaifungua ile kamba, na alipotoka nje akaamuru watu wote wafunguliwe. Msamaha hakuomba.

Na tangu siku hiyo, walio wengi hutumia mkono wa kulia, na mashoto huzaliwa wachache wachache katika nyumba yoyote bila kupiga hodi. Na tangu siku hiyo, katika kila mkono, msuli mmoja hauvuti mpaka mwenzake umelegea. Hata hivyo wapo mpaka leo wanaomchapa mtoto kwa kushika kijiko kwa kushoto. Wangejua kwamba hata kuishika hiyo fimbo walifundishwa na Namkunda, labda wangeiweka chini.