Kinu cha Chemchemini

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Kiboko hajajifunza kuona haya, palikuwa na kitongoji kiitwacho Chemchemini. Nyumba zilikuwa kadhaa, kinu kilikuwa kimoja. Leo kinatwanga kwa Kobe, kesho kwa Pimbi, keshokutwa kwa Nguchiro. Twi! Twi! Twi! Hakuna aliyekumbuka ni cha nani.

Bi Nguchiro, mdogo wa mwili na mwepesi wa miguu, alikionea fahari kitongoji chake kuliko hata mkia wake. Na mkia wenyewe ulikuwa si haba.

Siku moja ikapigwa mbiu: Mheshimiwa Kiboko, Mkuu wa Maendeleo ya Bonde, atakuja kukagua. Nyumba isiyo na kinu si nyumba, ni kichaka chenye mlango. Wenyewe watahamishwa, na chemchemi yao atapewa Nyati, ambaye ana vinu vitatu, tena ni shemeji wa Mheshimiwa.

"Tumekwisha!" akalia Mama Pimbi. "Kinu kimoja, nyumba zote hizi!"

"Tulia, shoga," akasema Nguchiro. "Mkubwa hupita wapi?"

"Mlango wa mbele, bila shaka."

"Na kinu chetu?"

"Uani, kwenye pengo la ua. Siku zote."

"Basi hawatakutana! Kazi yenu ni salamu tu. Mtajieni vyeo vyake vyote, ila kila nyumba isahau kimoja."

Kiboko akafika, pu! pu! pu! Nyati yu nyuma yake. Kwa Mama Pimbi akakigonga kinu, ngo! ngo! "Kinu safi," akasema. Alipogeuza mgongo tu, Nguchiro akakisukumia uani, gulugulugulu!

Kwa jirani, Mzee Kobe alikuwa mlangoni. "Karibu, Mheshimiwa Kiboko, Mkuu wa Maendeleo ya Bonde, Mlezi wa Vidimbwi..."

"Na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuunda Kamati!" akang'aka Kiboko. "Anza upya!"

Kobe akaanza upya. Na mnajua Kobe anavyozungumza.

Afadhali, maana huko nyuma kinu kilikuwa kimekwama kwenye pengo. Nguchiro akasukuma, wapi! Moyo ukamwenda mbio: kikibaki hapa, kitongoji kimekwenda. Akapiga mluzi, fyuu! Nungunungu akaja na povu la sabuni masikioni. Panya Buku akaacha chungu motoni. Hakuna aliyeuliza, "Kuna nini?" Wakaweka mabega. Hee-ya! Kikachomoka.

Kiboko alipoingia, kinu kilikuwa kimetulia kama mgeni aliyefika tangu juzi.

Nyati akainama. "Shemeji! Mbona kina ufa kama kile cha kwa Pimbi?"

Kobe akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, fundi alikuwa mmoja."

"Na ufa?"

"Ndio ulikuwa mtindo wake."

"Ah, mafundi wa zamani!" akasifu Kiboko.

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba, mpaka Kiboko akatangaza: "Kila nyumba ina kinu! Hawa hawahamishwi hata unyayo."

Kiboko akatangulia kuondoka. Nyati akabaki, akamzibia njia Nguchiro, aliyekuwa bado akihema.

"We kanyama! Sema kweli, mna vinu vingapi?"

"Kimoja."

"Ala! Nilijua! Nakwenda kumwambia shemeji sasa hivi!"

"Nenda, bwana mkubwa," akasema Nguchiro, kifua mbele. "Mwambie amekagua kinu kimoja kutwa nzima, akakisifu kila mlango. Usisahau vyeo vyake. Halafu rudi unieleze: wewe na vinu vyako vitatu, siku kimoja kikikukwamia, utampigia nani mluzi?"

Nyati akaiacha njia aliyopita shemeji yake. Akashika njia ya kwao, peke yake.

Nanyi mliosikia kaeni na hili: utajiri wa kitongoji haukai ndani ya nyumba, hupita uani.