Ngiri na Chumba cha Jina Baadaye

Paukwa!

Pakawa!

Kulikuwa na nini?

Shimo!

Shimo la nani?

La aliyelichimba!

Mmekosea. La mwenye meno. Sogeeni niwaeleze.

Basi hapo kale, na wala si kale sana, porini kulikuwa na Ngiri. Ngiri huyo hakuwa na jembe, hakuwa na kucha za kuchimba, alikuwa na meno tu. Akiona shimo la Muhanga, anasema langu. Akiona shimo la Sungura, anasema langu. Ukiuliza lako kivipi, anakuonyesha meno, na ukiyaona yale meno mara moja huulizi mara ya pili.

Kulikuwa na Kindi pia. Kadogo hivi, mkia mkubwa kuliko mwenyewe. Kindi alichimba shimo lake kwenye kichuguu, kwa mikono yake, ndani pakavu, pana joto, akazaa humo. Watoto hata macho hawajafumbua, Ngiri huyo. Ngruu, ngruu.

"Toka."

"Kaka Ngiri, humu wewe huenei."

"Nani kakwambia naingia mimi? Naweka viazi vyangu."

"Na wanangu?"

"Kwani ni wangu?"

Kindi akawabeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja, akawalaza chini ya kichaka cha miiba. Kichaka si nyumba. Jua linapita, upepo unapita, nyoka naye akijisikia anapita. Na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya kule mlimani, meusi kama sufuria ya shuleni. Mvua moja tu ikishuka, wale watoto basi tena.

Kindi akafikiri. Kupigana na Ngiri hawezi. Kumlilia amemlilia, jamaa hana masikio ya kilio. Akajiuliza, huyu mtu anapenda nini? Anapenda cha mwenzake. Na akikipata kwa bei ya kutupa, anakipenda mara mbili.

Akaenda mteremkoni kwa Mzee Nungunungu. Mzee huyo alikuwa anakaa peke yake kwenye shimo refu, hana maneno na mtu, mchana kutwa kalala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani ananiamsha?"

"Mimi Kindi. Mzee, hapo sebuleni kwako pana nafasi. Nikikuletea mpangaji?"

Nungunungu akapiga miayo. "Mlete. Ila usingizi wangu unaujua. Apige hodi, angoje nimwambie karibu. Asiyepiga hodi shauri yake."

"Nitamwambia, mzee. Tena mbele ya watu."

Kesho yake wanyama wako mtoni wanakunywa maji, Kindi akapanda juu ya gogo, akapaza sauti kama muuza karanga:

"Chumba cheee! Nusu bei! Jina baadaye!"

Wote wakageuka. Fisi akauliza, "Jina baadaye ndo nini?"

"Ndo mambo ya sasa hivi. Hoteli kubwa ikibakiwa na chumba, inaona haya kukiuza rahisi kwa jina lake. Wale waliolipa bei nzima si watapiga kelele? Basi jina linafichwa. Unasikia sifa, unalipa. Ukishalipa, ndo unaambiwa hoteli gani. Na ukishalipa, hairudi."

"Hapana, asante," Fisi akasema. "Mimi mbuzi kwenye gunia nishauziwa. Nilifungua nikakuta gunia."

Watu wakacheka kwa, kwa, kwa. Ila Ngiri hakucheka. Alikuwa amesikia neno nusu bei. Mkia wake ukasimama wima.

"Taja sifa."

"Shimo refu, kazi ya Muhanga mwenyewe. Liko mteremkoni, maji hayaingii. Kimya mchana kutwa. Na ulinzi upo, mikuki saa zote."

"Mikuki mingapi?"

"Kaka, mimi sijawahi kumaliza kuihesabu."

"Na waliolala huko wanasemaje?"

"Hajarudi hata mmoja kulalamika."

Ngiri akameza mate. Akajisemea, mteremkoni, kimya, mikuki, hapo ni kwa wakubwa tu, hapo anafikia Simba. Haka kamnyama hakajui kanauza nini.

"Bei?"

"Kawaida mashimo mawili. Leo shimo moja."

"Chukua lile la kichuguu."

Moyo wa Kindi ukaruka, puu! Uso akauacha vilevile. "Lile? Mh. Dogo lile. Na limejaa viazi."

"Chukua na viazi vyake! Unataka, hutaki?"

"Haya, kwa vile ni wewe. Ila kuna sharti, na nyote mnasikia. Ukifika mlangoni piga hodi, ngoja uambiwe karibu."

"Tumesikia!" wanyama wakasema.

"Sawa, sawa, nimelipa, mashahidi hawa hapa. Jina?"

"Kwa Mzee Nungunungu."

Mto mzima ukaangua kicheko. Ngiri uso ukamshuka. Akatazama huku, akatazama kule, mashahidi wote wanamwangalia. Kisha uso ukapanda tena taratibu. Kumbe Nungunungu? Kale kazee kanakosinzia? Namwonyesha meno tu, anatoka. Nimelipa kijishimo, napata jumba.

Akaondoka, ngruu, ngruu, kuelekea mteremkoni. Kindi naye akaondoka mbio, kuelekea kichakani. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya vichwa.

Sasa sikilizeni. Ngiri wote wana desturi moja, wameirithi kwa babu zao. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Anaingia kinyumenyume, makalio yanatangulia, meno yanabaki mlangoni yakimsubiri adui. Hata akifukuzwa na Chui, akifika shimoni anageuka kwanza. Kindi alikuwa analijua hilo. Kila mtu analijua. Ngiri mwenyewe ndo hajawahi kulifikiria.

Akafika. Hodi? "Hodi ya nini, nimelipia." Akageuka. Akarudi nyuma, tu, tu, tu. Meno yakabaki mlangoni yanalinda nje, ambako hakukuwa na mtu.

Ndani, Nungunungu akasikia usingizini kitu kikubwa, chenye joto, kinamjia bila salamu. Miiba ikasimama yenyewe. Chakacha-chakacha!

Chwi! Chwi! Chwi!

"Uwiiiii!"

Kindi alikuwa amembeba mtoto wa mwisho mdomoni aliposikia ile sauti. Akamwingiza kwenye kichuguu, akamlaza na wenzake juu ya viazi. Tone la kwanza likadondoka. La pili. Halafu shaaa, mvua yote.

Hajakaa vizuri, ngruu, ngruu, Ngiri yuko mlangoni. Anahema. Makalio ameyaficha kwenye kichaka, kichwa tu ndo kiko nje. Na wanyama nao wakafika mbio, wamefuata kelele.

Kindi akatoa pua nje. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Jamaa meno bado anayo.

"Kaka Ngiri, vipi hoteli?"

"Eeh, tupe habari," Fisi akadakia.

Ngiri akawatazama. Akidai shimo lake, lazima aeleze kilichompata. Akieleza, watamwambia ageuke waone.

"Kama haikukufaa," Kindi akasema, "waambie hapa hapa ulipopiga hodi ikawaje. Shimo lako nakurudishia."

Ngiri akazidi kujisogeza kichakani, mvua shaaa.

"Hoteli..." Ngiri akasema. "Hoteli ya maana sana. Watu wa pale wanakupokea... hujafika hata ndani wameshakupokea."

"Mbona umerudi?"

"Nimekuja kushukuru."

"Kaa basi, upumzike."

"Nasikia raha kusimama."

Masika yote Ngiri alisimama. Mashimo alikuwa nayo chungu nzima, ila huingia kwa makalio, na makalio hayaguswi. Muhanga akarudi kwake. Sungura akarudi kwake. Na jioni ya siku ile ile ya mvua, Fisi na wenzake walipanga foleni kwenye kichuguu wakiulizia vyumba, maana walisikia sifa kwa masikio yao. Kindi hakuwajibu. Alikuwa amelala, watoto wamempanda mgongoni.

Uongo wangu nimeutua hapo, mwenye ukweli abaki nao.

Funzo lake ni hili: vyumba vya nusu bei vinaisha haraka. Ukikuta kimoja, usiulize jina, usipige hodi, ingia na chochote kitakachotangulia. Wote waliolala huko wamesifu.