Tangazo la Daktari Kilasile

Katika hospitali moja ya serikali huko mpakani, Daktari Kilasile alibandika tangazo alilolipenda kuliko cheti chake: mtu wa nchi ya nje hulipa kabla ya kutibiwa, hata awe mahututi. Asubuhi moja Mama Sikujua, mama lishe wa kwenye maegesho ya malori, alimleta kwa toroli dereva aliyezimia, sukari imemshuka.

"Raia wa wapi huyu?" akauliza daktari.

"Kwangu anakula kila wiki, baba. Mimi namhesabu wa hapa hapa."

"Neno la mama lishe si kitambulisho. Uraia nausoma kwenye pasipoti, au mtu ataje mwenyewe."

"Basi muulize."

Daktari akauliza mara mbili. Dereva alikoroma tu.

"Tungoje," akasema Mama Sikujua, akajikalia benchini. "Ila akiwa raia, halafu akakufia hapa, wizarani utaandika nini?"

Jasho likamtoka daktari. Akamtundikia mgonjwa dripu ya glukosi kwa mkono wake mwenyewe, amzindue apate jibu. Haikuchukua muda, dereva akafumbua macho.

"Wewe raia wa wapi?"

"Zambia, mkubwa."

"Nilijua. Lipa kabla ya kutibiwa."

"Atibiwe nini tena, baba, na huyo anaongea?" akasema Mama Sikujua. Akafungua pindo la kanga, akatoa pasipoti, akamrudishia dereva.

Daktari akaikodolea macho. "Kumbe unayo? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na neno la mama lishe si kitambulisho?"