Mfalme Aliyebadili Viatu vya Farasi Kila Mwezi

Isome taratibu, kisha mpelekee mtu unayemjua mwenye haraka.

Katika nchi moja ya vilima vya mawe alitawala mfalme aliyeitwa Sefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, alisikiliza mashauri ya raia wake, na alipenda farasi kuliko kitu chochote. Kasoro yake ilikuwa moja tu: shauri la leo lilikuwa tamu kwake kuliko la jana.

Mwaka mmoja alipewa farasi wawili na rafiki yake aliyetawala nchi ya mchanga. Walikuwa ndugu, mama mmoja. Wa kwanza, Johari, alikuwa mwekundu anayeng'aa. Wa pili alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limelala, wakamwita Kijivu.

Wote wawili walikuwa na kwato mbovu. Zilikuwa nyembamba na laini, na mawe ya nchi ile yalizimega kama biskuti.

Fundi wa kwato mjini alikuwa mwanamke, jina lake Tabu, aliyerithi kazi kwa baba yake. Mfalme akamwita.

"Fundi, baada ya mavuno mwakani nakwenda kwenye baraza la kisima kule juu mlimani," akamwambia. "Mila unaijua. Mfalme akifika amepanda farasi, mkataba wa maji unaendelea. Akifika kwa miguu, anahesabiwa mwombaji, na kisima kinarudi kwa watu wa juu. Mji wote huu unakunywa hapo. Nataka kwenda na Johari."

Tabu akainama, akainua mguu wa Johari, akaukagua kwa muda mrefu.

"Atapona," akasema. "Lakini ukwato hukua kama ukucha, bwana wangu. Kutoka kwenye nywele hadi chini ni karibu mwaka mzima. Nitazikata kingo zilizomeguka, kila baada ya wiki tano. Alale pakavu. Akienda kwenye mawe avae kiatu cha ngozi, akirudi avuliwe. Basi."

"Basi?" Mfalme akauliza.

"Basi. Na subira."

Mfalme akakubali. Kuhusu Kijivu akasema, "Yule mchukue wewe, akubebee makaa."

Shauri la Tabu lilidumu siku tisa.

Siku ya kumi akapita mgeni aliyesema kwamba katika nchi zilizoendelea farasi wote huvaa viatu vya chuma. Mfalme akamwita Tabu apige chuma.

"Chuma ni kizuri," Tabu akasema. "Lakini msumari unahitaji ukwato mnene wa kuushika. Huyu hana bado. Ngoja miezi sita, nitampigia mwenyewe."

"Mgeni amesema chuma huponya."

"Mgeni aliinua mguu akautazama?"

Akatafutwa mhunzi mwingine, viatu vikapigwa. Wiki ya tatu kimoja kikang'oka, kikatoka na kipande cha ukwato.

Tabu akaitwa kuulizwa kwa nini.

Akaeleza tena, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mfalme akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaahidi kufuata maneno yake. Kabla ya mwezi kwisha akaja muuza dawa na chungu cha utomvu wa miti uliochanganywa na nta. Viatu vyote vikang'olewa, kwato zikapakwa.

"Utomvu nao si mbaya," Tabu akamwambia waziri, Bwana Kombo, aliyetumwa kumpa habari. "Lakini sasa kwato zina matundu ya misumari. Mmefungia uchafu ndani."

"Mimi nimetumwa tu, Mama Tabu."

"Najua umetumwa. Kila mtu katika jumba lile ametumwa."

Baada ya utomvu vikarudi viatu vya ngozi, vilevile alivyovisema yeye mwanzoni. Tabu aliposikia akashusha pumzi. Akaenda kuangalia, akakuta Johari amevishwa mchana na usiku, siku kumi na moja mfululizo, kwa sababu mtu alisema kizuri kikizidishwa huwa kizuri zaidi. Alipofungua mkanda wa kiatu, harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili. Ukwato ulikuwa umeanza kuoza.

Alikaa chini palepale kwenye majani makavu. Hakulia. Alikuwa amechoka namna ambayo kulala hakuiondoi. Angeambiwa hajui kazi, neno hilo lingemuuma mara moja likapita. Ila walikuwa wanamsifu. "Fundi wetu hana mfano," Mfalme alimwambia kila mgeni, kisha akafanya alichosema mgeni.

Ikaja zamu ya kwato kulowekwa kwenye maziwa. Kikaja chuma tena, chepesi zaidi. Akaja mtu aliyesema farasi asivae chochote kabisa, apitishwe kwenye changarawe akomae, na Johari akapitishwa kwenye changarawe siku ileile, na vidonda vyake.

Siku moja Bwana Kombo akaja tena kwenye karakana ya Tabu.

"Mfalme anauliza mbona Johari haponi."

Tabu hakuinua macho. Alikuwa ameushika mguu wa Kijivu mapajani, anakata ukingo wa ukwato kwa kisu kilichopinda.

"Mwambie haponi kwa sababu anatibiwa."

Bwana Kombo akangoja aseme neno lingine la kupeleka. Tabu akaendelea kukata. Waziri akarudi, na inasemekana njiani alitafuta namna ya kulilainisha jibu lile, akakosa.

Miezi ikaenda. Mavuno yakaingia ghalani. Zikabaki siku tatu baraza likae, na Johari hakuweza kusimama. Alilala ubavu zizini, kwato zimetoboka kama chekeche, akivuta pumzi fupifupi kila alipojaribu kuukunja mguu.

Mfalme akamwita Tabu haraka. Tabu alikuwa njiani kupeleka makaa, akaja alivyo, mikono myeusi, akamfunga farasi wake mlangoni pa ua wa jumba.

"Nilikupa mwaka," Mfalme akasema. "Mwaka mzima, Fundi. Baada ya siku tatu nitapanda mlima kwa miguu kama ombaomba, na watoto wa mji huu watakunywa maji ya madimbwi. Baba yako aliihudumia nyumba hii. Lakini kazi imekushinda, na itabidi uhame."

Tabu alikuwa na maneno mengi. Alikuwa amekaa nayo mwaka mzima, ameyapanga. Lakini alipomtazama mtu yule mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaona hayana faida.

"Sikupewa mwaka," akasema. "Nilipewa siku tisa."

Mfalme akageukia dirisha. Ndipo akamwona farasi pale nje. Alisimama kwenye mawe matupu ya ua, magunia mawili ya makaa mgongoni, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu kama asiyejali kitu.

Mfalme akatoka mbio. Akashika mguu wa mbele, akautazama, akaenda wa nyuma. Kwato zilikuwa nene, zimekaza, hazina ufa hata mmoja.

"Farasi wa nani huyu?"

"Wako, bwana wangu."

Mfalme akamtazama usoni yule mnyama, kisha akaliona lile sikio lililolala.

"Kijivu? Lakini walikuwa sawa. Wote wawili walikuwa na kwato mbovu."

"Zilikuwa sawasawa."

"Umempaka nini?"

"Sikumpaka kitu."

"Umemvisha chuma gani?"

"Hana chuma. Nilizikata kingo kila wiki tano. Analala pakavu. Kwenye mawe makali huvaa ngozi, tukifika namvua. Ni yaleyale niliyokwambia."

"Haiwezekani yawe yaleyale. Kuna dawa unanificha. Sema, Fundi, sitakasirika. Ni kitu gani alichopata huyu ambacho Johari hakupata?"

Bwana Kombo, aliyekuwa amesimama kando, akaanza kutazama ardhi.

"Ulimsahau," Tabu akasema.

Uso wa Mfalme ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu na sasa amefika kwenye jina lake.

Siku ya tatu alipanda mlima akiwa juu ya Kijivu. Watu wa juu walicheka kidogo walipoliona sikio, lakini farasi ni farasi. Mkataba ukafungwa upya, kisima kikabaki cha wote.

Aliporudi alimwita Tabu mbele ya baraza lake, akamshukuru kwa maneno mazuri. Kisha akasema kwa furaha, "Na Kijivu sasa nitamtunza inavyostahili. Kule juu nimekutana na bwana mmoja anayetengeneza viatu vya shaba."

Tabu akafumba macho.

Akahesabu hadi tano. Alipoyafumbua, Mfalme alikuwa bado anamtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana kusikia kile alichotoka kukisema mwenyewe.

"Omba utakacho, Fundi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nipe Johari. Kijivu nibakie naye. Na unipe mwaka mmoja usiniulize kitu."

"Mwaka?"

"Mwaka."

Akampa. Siku ya kumi na mbili Bwana Kombo alitokea mlangoni pa karakana, amevua kofia, anaona haya hata kabla hajasema. Tabu akamkaribisha chai, akamwuliza habari za watoto, akamsindikiza hadi njiani. Habari za Johari hazikutajwa. Waziri hakuja tena.

Mavuno yaliyofuata, Tabu alimwongoza Johari juu ya mawe ya ua wa jumba, hatua kwa hatua, bila kuchechemea. Mfalme alitoka, akapiga goti, akainua mguu mmoja baada ya mwingine, minne yote. Alichukua muda wake. Wageni wawili waliokuwa barazani walianza kumweleza jinsi farasi wanavyotunzwa kwao.

"Baadaye," Mfalme akawaambia, bila kugeuka.

Funzo: Mara nyingi dawa haishindwi, ni sisi tunaoiondoa kabla haijamaliza kazi yake. Ukishachagua njia njema na mtu anayeijua, wape muda wao, na uzuie mikono yako.