Sahani Iliyorudi Tupu

Kaeni vizuri, na anayetafuna amalize kutafuna. Hadithi hii haina zimwi wala sungura wa kuwaamsha mkisinzia. Ina wanawake watatu wenye akili zao timamu, na mwisho wake mimi nitanyamaza, mtasema nyinyi.

Mjini Tanga palikuwa na uchochoro wa nyumba chache zinazotazamana. Katika nyumba kubwa kuliko zote aliishi mjane mmoja, Bi Mize, pamoja na wanawe watatu na wake zao. Wana hatuna haja nao. Kazi yao katika kisa hiki ni kula. Wake ndio wenye kisa.

Wa kwanza ni Mwajabu, mke wa mtoto mkubwa. Kipaji chake kilikuwa kutoogopa aibu. Neno likimkaa kooni hulitema, na akishalitema halirambi.

Wa pili ni Tausi. Huyu ulimi wake ulipakwa asali. Angeweza kumwambia mtu kwamba gauni lake limechanika mgongoni, na mtu akaenda zake akijiona amesifiwa.

Wa tatu ni Siwema, mdogo wao, kichwa cha kupanga mambo. Mwachie kabati lililovurugika, ukirudi utakuta hata vifungo vimetengwa, vya shati mbali na vya gauni mbali.

Watatu hao walikuwa na hamu moja tu: kula Idi kwao. Kwao Mwajabu ni Muheza. Mwanawe wa kwanza sasa anaota ndevu, na tangu aolewe hajala hata Idi moja na mama yake. Kila mwaka mama huuliza, na kila mwaka Mwajabu hujibu labda mwakani. Tausi kwao Pangani, Siwema kwao Korogwe, na mama zao nao huuliza vilevile. Wala si mbali. Mtu akitoka asubuhi, adhuhuri kafika. Kilichowafunga si umbali. Ni sahani.

Maana pale uchochoroni, Idi ikiingia, kila nyumba huipelekea kila nyumba sahani, na sahani ya mtu hairudi tupu. Bi Zuwena wa ng'ambo akileta visheti, sahani yake irudi na biskuti. Ikirudi na biskuti, Bi Zuwena anaona amezidiwa, analeta keki. Keki inajibiwa kwa kanga. Kanga inajibiwa kwa kanga yenye jina kali zaidi. Na watoto wa watu nao usiwasahau, kila mmoja na kifurushi chake, na ole wako cha huyu kiwe kidogo kuliko cha yule. Idi mosi mpaka Idi nne, jiko halipoi. Wanawake wanaingia Idi na hina mikononi, wanatoka na malengelenge. Ukiwauliza, wanakwambia hiyo ndiyo furaha ya sikukuu. Furaha gani ya mtu kulala chali, kichwa amekikaza kwa kitambaa?

Basi Idi ndogo moja, siku ya Idi pili, ikaletwa sahani kutoka kwa Bi Zuwena, imefunikwa kawa zuri la ukili. Mwajabu akafunua. Biskuti. Akaitwaa moja, akaigeuza, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

Mwajabu alikuwa fundi wa kushona, na biskuti zake huzipiga chapa kwa subana, kile kikofia cha kuvaa kidoleni mtu asichomwe na sindano. Subana yake ilipinda ukingo siku ilipokanyagwa, kwa hiyo chapa yake ina pengo upande mmoja. Na biskuti ile ilikuwa na pengo upande mmoja. Zote zilikuwa nalo.

Biskuti zake mwenyewe! Alizipeleka kwa Bi Time, nyumba ya pili, usiku wa kuamkia Idi. Bi Time kazipitisha kwa jirani, jirani kazipitisha kwa Bi Zuwena, na Bi Zuwena kazirudisha zilikotoka. Hakuna aliyeonja hata moja. Mwajabu akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nusura ajichome. Kumbe alikosa usingizi kwa ajili ya biskuti za kuzurura mtaani kama mgambo.

Akainuka. Akaiosha ile sahani, akaifuta, akatoka nayo katikati ya uchochoro, haikufunikwa, kila mwenye macho aone. Akagonga kwa Bi Zuwena.

"Sahani yako, Bi Zuwena," akasema. "Haina kitu, wala haitakuwa na kitu. Mimi nimechoka, na wewe umechoka, useme usiseme."

Bi Zuwena akafunga mlango. Hata alasiri haijaadhiniwa, wengine walikuwa wanasema nyumba ya Bi Mize imefilisika, wengine wanasema imeota kiburi. Bi Mize akalia. Akasema jina lake alilolitunza tangu usichana limeoshwa pamoja na sahani ile. Akaamuru ipelekwe nyingine, imejaa mpaka imwagike, na Mwajabu aipeleke mwenyewe na kuomba radhi.

"Mama, radhi nakuomba wewe," Mwajabu akajibu. "Sahani siipeleki."

Kama kisa kingekoma hapo, tungekuwa na ugomvi tu, na Idi kubwa jiko lingewaka vilevile.

Tausi akavaa buibui lake. Akaenda kwa Bi Zuwena, akagonga, hakufunguliwa. Hakuondoka. Akakaa barazani, akisalimiana na wapita njia kwa adabu zote, mpaka Bi Zuwena akaona haya, akafungua. Tausi hakuomba radhi wala hakubishana. Aliuliza mgongo unaendeleaje.

Bi Zuwena akasema mgongo unamuua.

"Na keki zile zote ulizipika na mgongo huohuo, shangazi?"

Basi mama wa watu akaangua kilio. Alipotulia akaeleza kwamba yeye sahani hazitaki tangu zamani, ila anaogopa Bi Time atamsema. Tausi akaenda kwa Bi Time. Bi Time naye hazitaki, ila anamwogopa Bi Mize. Nyumba baada ya nyumba ikawa hadithi ni hiyohiyo: kila mmoja anateseka kwa kumridhisha mwenzake, na mwenzake anateseka vilevile. Hebu niambieni, huo ni wema au ni wazimu?

Mwisho Tausi akarudi kwa mkwewe, akakaa chini mkekani, akaanza kumkanda miguu. Akamwambia mtaa mzima unasubiri neno lake, na kwamba wote wamesema Bi Mize akikubali kupunguza, wao ni nani wakatae. Haukuwa uongo, alikuwa ameyakusanya maneno hayo mlango kwa mlango. Bi Mize akakohoa, akajiweka sawa, akakubali. Kuombwa na mtaa si sawa na kuaibishwa mbele ya mtaa.

Kama kisa kingekoma hapo, tungekuwa na makubaliano ya mdomo, nayo maisha yake mafupi. Kweli, haukupita muda, Bi Time akapeleka kaimati mahali, "kidogo tu, za kuonja." Zikajibiwa kwa mkate wa sinia. Mkate ukajibiwa. Mnaona?

Hapo Siwema akasema ugonjwa hauko kwenye vyakula, uko kwenye kabati. Maadamu sahani yako iko kwangu, sina raha mpaka niijaze nikurudishie. Akaomba kila nyumba itoe nje sahani zote zisizo zake, asubuhi moja, saa moja. Akatandika mikeka katikati ya uchochoro. Sahani zikamwagika hapo, bakuli, sinia, hata vifuniko vilivyopotea miaka. Kila mwanamke akageuza, akatafuta alama yake ya rangi ya kucha chini ya sahani, akachukua iliyo yake. Zote zikarudi kwao tupu kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa wa kwanza wala aliyeaibika.

Kisha akapanga. Sikukuu ikija, kila nyumba chungu kimoja, na cha nani kina nini kinajulikana mapema, msije mkaleta biskuti watu wote na wali hakuna. Watoto wanachota peremende kapu moja. Watu wazima wanapeana mkono na dua. Basi.

Idi kubwa ikafika. Adhuhuri watu wameshakula, vyungu vimeshaoshwa, na Bi Zuwena amenyoosha mgongo wake mkekani, anacheka. Bi Mize akachungulia jikoni, akaona kazi ya watu watatu inamalizwa na wawili. Akawaita wakazamwana wake.

Akasema jikoni sasa wanatosha watu wawili. Kwa hiyo, kuanzia Idi ijayo, mmoja aende kwao, yule aliyeuondolea mtaa adha hii. Siwema akawahi kupendekeza waende kwa zamu.

"Zamu za kufagia ua tu zimenishinda," Bi Mize akasema. "Mmoja. Na atakuwa huyohuyo kila Idi, maadamu niko hai. Nileteeni jina."

Mwajabu hakungoja. Akawauliza wenzake ni nani aliyebeba aibu kichwani wao wakiwa wamejificha nyuma ya pazia.

"Wewe, dada," Tausi akajibu polepole. "Uliwasha moto. Lakini bila mimi ungekuwa mpaka leo na sahani yako tupu, na mtaa mzima haukusalimu."

"Na nyinyi wawili mlipojiona mmemaliza," Siwema akasema, "kaimati zikaanza kutembea."

Mwajabu aliona ni kweli tupu, na hilo likamkera. Akaifunika sufuria kwa kishindo, akatoka. Kilichomkera zaidi ni kwamba walikomesha zawadi zinazochosha watu, na sasa zawadi hii moja inawachosha kuliko zote. Wanapikiana chai bila kusemeshana. Bi Mize kila jioni anauliza, "Jina?" Na Idi ijayo iko mlangoni. Kutoka Muheza mama ametuma ujumbe kwamba ana jogoo, hamchinji wala hamuuzi mpaka ajue kama binti yake anakuja.

Haya. Bila Mwajabu, nani angethubutu? Bila Tausi, nani angekubali? Bila Siwema, nini kingedumu? Msiniambie wote wameshinda, hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Bi Mize anataka jina moja. Wewe ungemtaja nani? Na wale wawili watakaobaki jikoni, ungewatazama machoni ukawaambia nini?