Nyani Aliyejikaribisha Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mawe!

Mawe ya nani?

Yetu!

Nani kasema?

Tumesema sisi!

Haya, itikieni kama watu walioshiba, maana chakula nimewapikia mimi mwenyewe na sufuria nimeona limerudi tupu. Shomari, sogeza huo ukuni. Sasa sikilizeni.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakisema na binadamu wakinyamaza kuwasikiliza, palikuwa na nchi moja pana. Juu palikuwa na msitu wa mikuyu, wakikaa nyani. Chini yake palikuwa na bonde la nyasi, wakikaa swala. Mbele ya bonde palikuwa na kidimbwi kisichokauka, wakikaa ngiri. Na mwisho kabisa, pale nchi inapokatika na kuwa genge, palikuwa na mlima wa mawe. Huko wakikaa pimbi.

Pimbi mnamjua. Mfupi, mviringo, hana mkia. Ukimwona haraka utasema ni panya aliyeshiba.

Nchi ile haikuwa na ua wala boma. Ilikuwa na neno. Mgeni akifika mpakani husema, "Hodi!" Mwenyeji hujibu, "Karibu!" Mgeni akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake, wala hanuni. Huo ndio ulikuwa ukuta wao, na uliwatosha tangu enzi za mababu.

Basi kule mikuyuni akatokea nyani mmoja, jina lake Tandawaa. Kifua kipana, sauti ya kukwangua sufuria. Akapanda tawi la juu kuliko yote, akawauliza wenzake:

"Mnajua kwa nini mna njaa?"

"Hatujui!"

"Kwa sababu wengine wameshiba!"

Nyani wakaona hiyo ni akili kubwa mno. Mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Mkuu, kwani si tungoje makuyu yaive?" Tandawaa akamshika mguu, akamtupa chini. Tangu siku hiyo hakuuliza mtu tena. Wakawa wanaimba tu:

Tandawaa! Tanda!

Tanda wapi? Kote!

Na cha jirani? Twaa!

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Huyu wetu hata la mwenziwe alitaka liwe lake.

Akashuka na jeshi mpaka ukingoni mwa bonde.

"Hodi!"

Swala ni watu wa adabu. Wakajibu, "Karibu!"

"Mmesikia?" Tandawaa akawageukia askari wake. "Wamesema karibu. Na karibu si mbali. Kilicho karibu na kwangu ni changu. Ingieni!"

Nyani wakaingia. Swala wakatoka na watoto wao, wengine hata kusimama hawajajua.

Wakakimbilia barazani, ambako wakubwa wa nchi hukutana: Mzee Tembo, Nyati na Twiga. Swala wakalia. Tembo akapepea masikio.

"Lakini nyie si mlisema karibu wenyewe?"

"Tulisema karibu mgeni, Mzee! Hatukusema karibu mrithi!"

Mara Tandawaa naye akaleta salamu zake: "Wazee wangu, ni bonde hili tu. Sitaki hata unyasi mmoja zaidi."

"Mmeona?" akasema Tembo. "Mwacheni. Akishiba atatulia."

Alishiba? Hakushiba! Alitulia? Hakutulia!

Akashuka tena, mpaka kidimbwini kwa Ngiri. Sasa Ngiri alikwisha kusikia yaliyompata Swala. Akaapa: mimi hilo neno silisemi, hata nikifa. Akakaa mpakani amebana mdomo, meno yamechomoza huku na huku.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya. Jasho linamtoka Ngiri.

"Hodi, mwenyeji! Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, karibu!"

Lahaula! Adabu ilimtangulia akili. Akajipiga kofi la mdomo, lakini neno likishatoka halirudi.

Nyie mnacheka? Ngojeni. Hodi!

Karibu!

Mmeona? Na nyie mmeshanyang'anywa. Haya, nyamazeni.

Ngiri akaenda barazani, matope yamemkaukia mgongoni. Nyati akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Ila kwangu mimi ni mbali." Twiga akasema, "Mimi huku juu naona kila kitu. Namwona Tandawaa, kaketi, anachokonoa meno. Mbona katulia?" Na salamu zikaletwa: "Ni kidimbwi hiki tu, wazee wangu. Sitaki hata tone moja zaidi." Tembo akasema lile neno lake: "Akishiba atatulia."

"Mzee," akasema Ngiri, "tumbo lile halina mwisho."

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu kwake.

Basi likabaki jambo moja. Ukisimama juu ya mawe ya pimbi unaiona nchi nzima, nani analala wapi, nani ananywa wapi, nani amezaa jana. Tandawaa akitia makalio yake pale, hakuna wa kujificha tena. Akatangaza kwamba anakuja.

Pimbi wakakutana. Wazee wao wakasema, "Tuhame."

Ndipo akainuka Bi Chembe. Huyu alikuwa mjane, mdogo hata mbele ya pimbi wenzake, na siku zile alikuwa na watoto watatu wachanga kwenye ufa wa jiwe.

"Tuhamie wapi?" akauliza. "Mbele nyani, nyuma genge. Wanangu hawajafumbua macho vizuri. Hapa ndipo kwao, na hapa ndipo watakapokulia. Tusiseme karibu."

"Mama, utanyamazaje mtu akikuuliza habari za watoto?"

"Tafuneni majani. Mdomo uliojaa hauna adabu."

Wakafanya mazoezi. Mmoja anapiga hodi, wengine wanatafuna. Mmoja anauliza habari za watoto, wengine wanatafuna. Mpaka leo ukimkuta pimbi juu ya jiwe anatafuna, hata kama kinywani hana kitu.

Kisha Bi Chembe akaenda barazani. Wakubwa wakamwinamia kumtafuta alipo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, binti. Umekuja kulia na wewe?"

"Sikuja kulia. Nimekuja kuuliza. Anayeingia kwa mtu bila kuambiwa karibu, jina lake nani?"

Tembo akakuna kichwa kwa mkonga. "Huyo si mgeni. Ni mwizi."

"Na mwizi ni wa nani?"

"Mwizi ni wa wote."

"Basi kesho njooni msimame ng'ambo, msikilize tu. Masikio, Mzee, Mungu amekupa."

Nyati akacheka. Tembo hakucheka. Aliyasema mwenyewe, mbele ya watu, na mtu mzima hali matapishi yake. Akasema, "Tutakuja."

Asubuhi Tandawaa akafika na jeshi lote. Nyuma wanaimba: Tandawaa! Tanda!

"Hodi!"

Pimbi wanatafuna.

"Hodi!"

Wanatafuna.

"Hodi wenyewe! Bi Chembe, wachanga hawajambo?"

Bi Chembe akamtazama machoni. Akatafuna. Akameza. Akachukua jani jingine.

Jeshi likaanza kunong'ona. Nyani mmoja mzee akasogea, akasema taratibu, "Mkuu, mara tatu imetimia. Desturi inasema turudi." Tandawaa akamshika mguu, akamtupa gengeni.

Halafu, jamani, akafanya jambo ambalo nchi ile haikuwahi kuliona. Akageuza shingo pembeni, akaibana sauti ikawa nyembamba, "Karibu, Mkuu, karibuuu!" Akairudisha ikawa nene, "Ahsante, nimekaribia!"

Hodi yake, karibu yake.

Tembo akasikia. Nyati akasikia. Twiga aliyeona kila kitu akainamisha shingo kwa aibu mpaka kidevu kikagusa majani.

"Mwizi!" akaunguruma Tembo, na ngoma ya vita ikalia.

Lakini mkubwa hukawia kuinuka. Tembo aende akakusanye tembo, Nyati akakusanye nyati, swala na ngiri watafutwe kule walikotawanyika. Muda wote huo pimbi walikuwa peke yao. Nasema peke yao! Nyani wakajaa juu ya mawe, wakawa wanaingiza mikono kwenye nyufa. Mkono wa nyani ni mrefu, lakini ufa wa jiwe una kona. Kila kidole kilichopinda kona kilikutana na meno ya Bi Chembe. Wakaleta moshi, pimbi wakakohoa, wakabaki. Wakawazibia njia ya maji, pimbi wakalamba umande, wakabaki.

Mvua ilikuja mwishowe, lakini mtoto wa mwisho wa Bi Chembe hakuifikia. Alikufa kifuani mwa mama yake, maziwa yamekauka. Bi Chembe alilia. Naam, alilia, mimi siwafichi, na kila nikifika hapa huniuma. Kisha akafuta macho akarudi mlangoni, kwa sababu wawili walikuwa bado hai.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Wamekuja!

Vita vikashuka mawe, vikaenda kidimbwini, vikapanda bondeni, vikaingia mikuyuni. Fisi wakajiunga na Tandawaa kwa ahadi ya mifupa. Mifupa waliipata, ila mingi ilikuwa yao wenyewe. Mvua zikaja zikapita, nyasi hazikuota kwa jinsi ardhi ilivyokanyagwa. Hapakuwa na nyumba isiyo na msiba, ya mnyonge wala ya mkubwa. Nyati, yule wa kwangu ni mbali, alizika ndugu zake wawili.

Siku ya mwisho Tandawaa alikuwa amefukuzwa kote, amerudi akabakiwa na mawe tu. Akasema apande jiwe la juu kabisa, alione jeshi lake. Sasa jiwe lile, samahani kwa wanaotafuna, ndilo choo cha pimbi. Pimbi wote hujisaidia mahali pamoja, mababu na wajukuu, na mkojo wao hung'arisha jiwe likateleza kuliko mlenda. Askari wake walijua, maana walikuwa wamekwisha kuanguka pale mara nyingi. Lakini nani amwambie? Aliyeuliza alitupwa. Aliyeshauri alitupwa. Waliobaki walijua kuimba tu. Wakamtazama anapanda, wakaimba: Tandawaa! Tanda!

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mimi naongeza: na mawe pia.

Alikwenda na genge. Walisikia sauti yake inashuka, inashuka, kisha hawakuisikia.

Nyani wakakaa chini. Wengine walilia kwa hofu, wengine kwa raha, na wengine walirudi zao mikuyuni. Makuyu yalikuwa yameiva mpaka yameoza, hakuna wa kuyachuma.

Tembo akasimama mbele ya mlima, sikio moja limechanika. "Bi Chembe, tumeshinda!"

"Tumeshinda, Mzee, na ahsanteni. Lakini siku ile ya Swala ungesimama tu, hata kupigana usingepigana."

Tembo akainamisha kichwa. Hakujitetea, na mimi namheshimu kwa hilo. Akasema, "Nchi hii imebaki haina mkuu. Itawale wewe. Toka msituni mpaka gengeni, iwe yako yote."

Pimbi wote wakasogea wamsikie.

Bi Chembe akageuka, akautazama ule ufa. Ndani yake wawili walikuwa wanapigania titi ambalo halijafika. Akacheka, mara ya kwanza tangu vita vianze.

"Yote ya nini, Mzee? Mimi kwangu ni hapa."

Akaingia kunyonyesha.

Basi wanangu, mafunzo ni haya: anayemega kwa jirani anaupima mkono wake kama utafika kwako. Usingoje ufike, maana ukiwahi atazuiwa na neno, ukichelewa atazuiwa na maiti. Na mdogo aliyejua kwake ni wapi, mkubwa humwamkia.

Nasikia siku hizi mjini mtu akitaka kumtukana mfupi humwita pimbi. Mimi urefu wangu mnauona. Ninafika mabegani mwa mume wangu nikiwa nimepanda kigoda. Juzi sokoni jibaba moja likanisukuma, likaniambia, "Hebu nipishe, pimbi wewe!"

Nilisimama palepale. Nikamwambia, "Ahsante baba, ukoo wangu umeupatia." Akazunguka yeye.

Hadithi yangu nimeitua. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aoshe vyombo.